Mama Jilala Hahami

Mwaka 1954 nilikaa kidogo Mwakitolyo, kijiji cha Usukumani, kwa mjane mmoja tuliyemwita Mama Jilala. Kila asubuhi aliwasha moto wa samadi kavu, maana kuni zilikuwa adimu. Moshi wa miaka mingi ulimwachia macho mekundu.

Mwezi wa tatu ndama wa jirani wakafa. Vijana wa kijiji wakaja na kiongozi wao, Masele.

"Macho hayo ni ya mchawi," Masele alisema. "Siku tatu uwe umehama. Ukibaki, nyumba tunaichoma."

Jilala, mwanawe, akaanza kung'oa boriti. Huko mtu huhama nazo.

"Tuhame, mama. Sisi Wasukuma kuhama si jambo."

"Na kaburi la baba yako utalifunga mzigoni?"

Kesho yake akapita Donatus, karani wa baraza la mtemi, chifu wa eneo lile.

"Shikamoo, mama. Mbona nyumba inabomolewa?"

"Marahaba, mwanangu. Nimefukuzwa." Akamweleza yote.

Donatus akaegesha baiskeli. "Jilala, acha boriti hizo. Mkikimbia, watasema kweli alikuwa mchawi. Mama, ulipewa uhai na nani?"

"Na Mungu."

"Siyo mtemi? Siyo Bwana Shauri, yule Mwingereza wa wilaya?"

Mama akacheka. "Hao wamenikuta nina wajukuu!"

"Basi. Kuishi, na kukaa kwako kwa amani, ni haki uliyozaliwa nayo. Serikali haikukupa. Kazi yake ni kuilinda."

Jilala akaguna. "Serikali tunaiona wakati wa kodi tu."

"Kodi ndiyo inayowalisha askari! Nenda ukadai ulinzi. Twende leo hii."

Tukaenda wote kwa mtemi. Asubuhi iliyofuata mtemi akamwita Masele na wenzake barazani.

"Nani alimwona mama huyu akiua ndama?"

"Macho yake, mtemi..." Masele alianza.

"Mke wangu naye anapikia samadi. Njoo umtazame macho!"

Watu wakaangua kicheko. Mtemi hakucheka. Alisema atakayegusa nyumba ile atafungwa. Askari wake wawili wakalala kwa mama juma zima. Bwana mifugo naye akawapima ndama waliobaki, akakuta ndigana, ugonjwa unaoletwa na kupe.

Nilipita tena Mwakitolyo mwaka 1958. Mama Jilala alikuwa uani, anapepeta mtama. Akanipa maziwa ya mgando, tukamtaja Donatus kwa wema.

"Namshukuru Mungu, na wale walionisikiliza," akasema. "Nazeekea kwangu."