Kipande cha Blanketi

Rafiki yangu Kezia, mfungwa mwenzangu niliyeletwa naye kwa meli moja hadi Kisiwa cha Van Diemen, koloni la wafungwa la Waingereza, alinisimulia haya mara moja tu, akimenya viazi.

Mwanawe alikuwa na homa siku ya tatu. Asubuhi yenye ukungu alimlaza, akafunga mlango kwa kamba kwa nje, akaenda kuomba maziwa kwa jirani.

Njiani alisikia minyororo ikiburutwa kwa sauti hafifu, kama chuma kilichoviringishiwa nguo. Aliijua sauti hiyo. Juma lililotangulia alikuwa amechana kipande cha blanketi la mtoto akampa Amosi, mfungwa mchonga barabara, azungushie kifundo kilichochubuliwa na pingu.

"Mama, mtoto atajifunika nini?" Amosi aliuliza siku hiyo.

"Atajifunika mimi. Funga huo mguu, unanuka."

Amosi alicheka.

Sasa Kezia aliita, "Kaka Amosi, leo mmeanza mapema?"

Minyororo ilimpita ukunguni, ikaelekea alikotoka yeye.

Jirani alimjazia chupa mpaka shingoni, Kezia akitaja minyororo aliyoisikia njiani. "Wachonga barabara walihamishwa Jumatatu," alisema. "Yule Amosi wako alizama wakivuka mto. Pingu zilimvuta chini, hawakumpata."

Kezia alishukuru kwa maziwa, akarudi.

Kamba ya mlango ilikuwa vile vile alivyoifunga. Mtoto alikuwa amelala akipumua vizuri, homa imemtoka. Kifundoni mwake palikuwa na kile kipande cha blanketi, kimezungushwa mara mbili kama wafungwa wanavyozungushia chini ya pingu, kikichuruzika maji.