Uso wa Bibi Akeyo

Mgeni alifika Jumamosi alasiri, Justa akiwa anasuuza vyombo nje ya mlango. Alikuwa mwanamke mzee, mwembamba, mwenye mfuko mmoja kichwani na mwingine mkononi. Alikuwa amepanda ngazi zote kutoka barabarani, na ngazi za mtaa wao wa Mkuyuni huwachosha hata vijana. Nyumba zimejengwa juu ya majabali, na ngazi zenyewe ni mawe yaliyopangwa moja juu ya jingine mpaka pumzi ikuishie.

"Hodi hapa," alisema, akaketi juu ya jiwe kabla hajakaribishwa.

"Karibu, bibi. Shikamoo."

"Marahaba, nyathina, mwanangu. Ogweno yumo ndani?"

Justa alitazama mlango wa chumba cha jirani. Ulikuwa na kufuli kubwa. Ogweno alikuwa fundi wa injini za boti, na wiki chache zilizopita alikuwa amepata kazi kwingine.

"Amehama, bibi. Yuko Geita."

"Geita," mwanamke yule alirudia polepole, kana kwamba ameambiwa kuna ngazi nyingine juu ya zile alizopanda. "Mimi ni mama yake. Naitwa Akeyo. Nimetoka Shirati kuja kutazamwa goti hospitalini. Simu yake hailii."

Mama yake Justa alirudi jioni kutoka kiwanda cha minofu ya samaki. Kazini alisimama siku nzima juu ya sakafu yenye maji, akikata sangara, na kila jioni alivua viatu kama mtu anayevua miguu yenyewe. Alisikiliza habari za mgeni akiwa ameegemea fremu ya mlango. Akatazama kitanda cha Justa nyuma ya pazia, akashusha pumzi.

"Karibu, mama. Utakaa hapa mpaka hospitali wakuone. Justa, tandika mkeka."

"Na kitanda changu?" Justa alinong'ona.

"Mgongo wako bado mpya. Wake umebeba mizigo tangu hujazaliwa. Tandika mkeka, mwanangu. Nimechoka."

Justa alitandika. Na yeye alikuwa amechoka: alikuwa amepandisha maji tangu asubuhi. Lakini katika nyumba ile uchovu wa mtoto ulisubiri zamu yake.

Jumatatu, baada ya masomo, Justa alikwenda kwenye klabu ya kompyuta. Hapo ndipo alipokuwa akisahau ndoo. Mwalimu Revocatus alikuwa akiwafundisha gemu moja ambalo wachezaji wenyewe hutengeneza hatua zake. Unapanga njia, vikwazo na wahusika, kisha unaipandisha mtandaoni, na mtu yeyote popote anaweza kuicheza. Wanafunzi walifanya kazi wawili wawili. Hatua bora ingewakilisha shule kwenye maonesho, na washindi wa maonesho wangejifunza kuchora kwa kompyuta katika chuo kimoja cha mjini wakati wa likizo.

Justa aliitaka nafasi hiyo kuliko kitu chochote. Tangu akiwa mdogo alikuwa akichora kwa mkaa nyuma ya mifuko ya saruji, na hakuna aliyewahi kumwambia kuwa kuchora ni jambo la kusomea.

Mwenzake alikuwa Chenge, mvulana mwepesi wa maneno. Yeye ndiye aliyepanga mawe ya kuruka na mashimo ya kuanguka. Hatua yao ilikuwa mlima wa mawe kama wa Mkuyuni, na mchezaji alitakiwa kuufikisha mzigo kileleni. Justa aliwachora watu wa njiani: muuza ndizi, fundi viatu, polisi.

Mwalimu Revocatus aliinama mbele ya skrini.

"Mbona wote wanatabasamu?" aliuliza. "Hawa wanaonekana wamekwenda studio kupiga picha ya sikukuu."

Chenge aliangua kicheko. Justa hakucheka.

"Nikuulize, Justa. Mchezaji wa mbali hajui Kiswahili. Atajuaje kwamba mtu huyu amechoka, na huyu ana hofu? Atasoma mabega yake. Atasoma mikono. Nenda kamtazame mtu aliyechoka, uone uchovu wake unakaa wapi."

Justa hakuhitaji kwenda mbali. Alipofika nyumbani alimkuta Bibi Akeyo akipanda kutoka bombani na kidumu kidogo. Kila baada ya mawe machache alisimama, akashika goti, kisha akageuka kulitazama Ziwa Victoria kule chini. Aliangalia maji kwa makini kama anahesabu mitumbwi. Justa alimtazama mara mbili, mara tatu, akaelewa. Bibi alisimama ili avute pumzi, lakini hakutaka watu wajue.

Aliona pia namna bibi alivyocheka. Kila kicheko kilipokuja, ncha ya kanga ilipanda haraka kufunika mdomo. Nyuma ya kanga, meno ya mbele ya chini hayakuwepo. Palikuwa na pengo pana, safi. Justa alidhani yaling'oka kwa uzee, au kwa maisha magumu.

Usiku ule, wakati mama anatenga ugali, Justa alichora haraka haraka.

"Unachora nini?" bibi aliuliza.

"Kazi ya shule, bibi."

"Vizuri. Soma, nyathina. Soma."

Kesho yake Justa aliuingiza mchoro kwenye kompyuta ya klabu, na bibi wa skrini akapanda mlima. Alishika goti, akageuka kutazama ziwa, akaendelea. Darasa zima lilisogea karibu. Hata waliokuwa wakigombania kiti waliacha.

"Dada, umeua!" Chenge alisema. "Huyu anatembea kabisa! Sasa mwache mimi nimpe kazi."

Kazi aliyompa ilikuwa kuziba njia. Mchezaji alilazimika kumruka bibi kichwani ili apite. Kila aliporukwa, kanga ilianguka, mdomo ukafunguka, pengo likaonekana lote, na sauti ikatoka: "Aiii!"

Watoto walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Mwalimu Revocatus naye alicheka, akafuta macho. Justa alitaka kusema bibi asirukwe. Lakini walikuwa wakilitaja jina lake, wakimpiga mgongoni, na kazi yako kufurahiwa namna ile ni jambo tamu. Akanyamaza. Siku hiyo hiyo hatua ikapandishwa mtandaoni.

Haikupita wiki kabla mtaa mzima haujaicheza. Jumapili mchana Justa na bibi walikuwa kwenye foleni ya maji. Mvulana mmoja alikuja mbio, akakiruka kidumu cha bibi na kupaza sauti, "Kibogoyo, aiii!" Wenzake wakapokea: "Ruka kibogoyo! Ruka!"

Mama mmoja aliwafukuza kwa kandambili. Bibi Akeyo alikivuta kidumu karibu na miguu yake.

"Wananiimbia nini wale?"

"Ni gemu tu, bibi," Justa alisema, akitazama bomba.

"Gemu ambalo mimi nimo?"

Justa alijitwika ndoo yake. Wakapanda mawe. Walipofika nyumbani bibi aliketi kitandani, akanyoosha mguu mbaya.

"Nioneshe."

Justa aliichukua simu ya mama, ile yenye kioo kilichopasuka, akaifungua hatua yao. Bibi aliisogeza karibu na macho. Mara uso wake ukachangamka.

"Ee! Huyu ni mimi! Tazama anavyowadanganya watu kwamba anaangalia ziwa!" Alicheka, kanga ikapanda mdomoni. "Wewe mtoto una macho. Uliniona lini?"

Kisha mchezaji akamfikia bibi wa skrini, akamruka. *Aiii.* Akamruka tena, maana gemu lilikuwa likijicheza lenyewe. *Aiii.*

Bibi aliacha kucheka. Alikaa na simu mkononi mpaka kioo kikazima chenyewe.

"Haya meno hayakuanguka," alisema hatimaye. "Yalitolewa nikiwa binti kama wewe. Sita, ya chini. Kwetu Waluo wa zamani ndivyo tulivyofanyiwa ili ijulikane umekua. Nilikaa sijatoa hata sauti, na mama akanichinjia kuku. Leo hawafanyi tena, na ni vizuri, maana iliuma sana. Lakini kijijini kwetu sifuniki mdomo. Nimejifunza kuufunika huku mjini."

Justa alitamani sakafu impe nafasi aingie.

"Uliniuliza?" bibi alisema, bila ukali. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyechoka tu.

"Hapana, bibi."

"Ungeniuliza ningekwambia chora. Na ningekwambia nisirukwe."

"Nisamehe, bibi. Nitakutoa. Nakuahidi, nitakutoa humo."

"Sawa," bibi alisema, akajilaza akageukia ukuta. Ilikuwa sawa ya mtu aliyewahi kuahidiwa mambo mengi.

Kucheza kuliwezekana kwenye simu, lakini kubadilisha hatua kulihitaji kompyuta za shule. Jumatatu shuleni hapakuwa na umeme. Jumanne vilevile. Siku hiyo madaktari walimpa bibi dawa na bandeji ya goti, na Ogweno akapatikana kwenye simu, akaomba radhi sana. Jumatano alfajiri mama alimsindikiza bibi stendi. Justa aliubeba mfuko wake mpaka barabarani.

"Bibi, umeme haujarudi," alisema. "Lakini sijasahau."

Bibi alimshika shavu kidogo, akaingia kwenye bajaji.

Alhamisi umeme ulirudi, na Mwalimu Revocatus aliwapokea akiwa amejaa furaha.

"Justa na Chenge! Hatua yenu imechaguliwa. Ninyi ndio mtakaowakilisha shule!"

Chenge aliruka, nusura aangushe kiti. Justa alibaki amesimama. Alikuwa amekuja na sentensi moja kichwani tangu Jumapili, na sasa ilikuwa nzito kuliko ndoo yoyote.

"Mwalimu, nataka kumtoa bibi."

"Kumtoa? Haiwezekani sasa. Kanuni inasema hatua iliyochaguliwa ikibadilishwa inaondolewa mashindanoni. Itaingia inayofuata. Kuna nini?"

Justa alieleza yote: kidumu, wimbo wa watoto, meno, ahadi. Chenge alimkodolea macho.

"Wewe vipi? Bibi mwenyewe ameshaondoka! Yuko Shirati huko, hana hata simu ya kugusa. Atajuaje?"

"Hatajua."

"Sasa?"

"Nilimwahidi."

"Mimi sijamwahidi mtu!" Chenge alipiga meza. "Mawe yote nimepanga mimi. Wiki zote hizi! Unataka nikose chuo kwa sababu ya bibi yako?"

Chenge alikuwa amesema kweli. Hatua ilikuwa ya wote wawili. "Nisamehe, Chenge," alisema, machozi yakimlenga. "Na mimi nakitaka hicho chuo. Nakitaka kuliko wewe. Lakini kila mtoto akiruka pale, ni yeye anayerukwa. Si mchoro. Mimi ndiye niliyemchukua."

Mwalimu Revocatus aliketi kwenye kona ya meza. Furaha ilikuwa imemtoka.

"Kazi ni yenu wawili," alisema. "Chenge, sitakulazimisha. Sema wewe."

Chenge aliigeukia skrini. Bibi alikuwa anapanda, ameshika goti. Akasimama, akatazama ziwa. Polepole mabega ya Chenge yakashuka.

"Lile wazo la kumruka lilikuwa langu," alisema kwa sauti ndogo. Kisha akasogeza kiti chake nyuma kwa hasira. "Futa. Futa upesi, kabla sijabadilisha mawazo!"

Justa alishika kipanya. Aliviondoa kimoja kimoja: mdomo, kanga, mkono wa gotini. Mwisho akabonyeza kitufe cha kufuta. Ngazi zikabaki mawe matupu. Alipoiweka hatua mpya mahali pa ile ya zamani, ujumbe mfupi ulitokea kuwa hatua yao haimo tena mashindanoni.

Feni ya dari ilizunguka. Mwalimu Revocatus alivuta kiti, akakaa kati yao.

"Nilicheka na mimi," alisema. "Nilikuwa mtu mzima pekee humu ndani, na sikuuliza bibi yule ni nani. Nilikufundisha kutazama watu, Justa, nikasahau kukufundisha kuwaomba. Kila mtu unayemchora ana mahali anapolala na ana watu wanaomheshimu. Ukitaka kuchukua uso wake, mwambie kwanza unakwenda kuufanyia nini. Akikataa, acha. Na ukimwahidi mtu jambo, lifanye hata kama hayupo kuliona. Leo mmelifanya, na limewauma. Mimi sina zawadi ya kuwapa kwa hilo."

"Hata soda, mwalimu?" Chenge aliuliza huku anajifuta pua.

"Hata soda. Nendeni nyumbani mkapumzike."

Justa aliizima kompyuta, akachukua begi lake. Huko Shirati, Bibi Akeyo hakujua lolote. Ijumaa wanafunzi wawili wenye hatua iliyofuata walipanda gari la maonesho, wakaimba mpaka wakapotea kwenye kona, na Justa akarudi darasani kusoma hesabu.