Tela la Fundi Mitumbwi

Gurudumu la mbele lilizama kwenye shimo la mhanga, Landrova ikapiga magoti, na tela lililokuwa likikokotwa nyuma likaja kwa kishindo likaigonga. Maji ya rejeta yalimwagika yote. Udongo ule mkavu uliyanywa kabla hata mlango haujafunguliwa.

Hamduni alikuwa wa kwanza kushuka, akaanguka. Safari nzima alikaa nyuma, miguu inaning'inia nje, ili alitazame tela lake asilipoteze machoni. Chuma cha kukokotea kilipopinda kiliukamata mguu wake wa kulia na kuuchana kuanzia kifundo hadi karibu na goti. Mkewe, Mwanahalima, alichana kanga akaufunga. Binti yao Mwanaupe, mtoto wa darasa la tano, alishika kichwa cha baba yake na kutazama pembeni.

Dereva na mwenye gari, mkulima wa pamba wa Bunda aliyeitwa Clementi, alitoka chini ya bodi akijipangusa mikono.

"Ekseli imekatika," alisema. "Hii njia nilikuwaga napita na baba, tunafupisha kwenda mnadani. Haya mashimo hayakuwepo."

"Maji yako wapi hapa karibu?" aliuliza Mwanahalima.

"Mto uko kule, ila msimu huu ni mchanga tu, mama. Watu wako nyuma ya vile vilima. Nikitoka alfajiri, jioni nitakuwa nimefika."

Walikuwa wametoka Musoma asubuhi, wakapita Butiama, wakaiacha barabara mbele ya Nyamuswa. Sasa kila upande ilikuwa mbuga, majani ya rangi ya ngozi ya simba na miiba iliyosimama mmojammoja. Maji waliyobeba yalikuwa madumu mawili. Kwa safari ya siku moja yalikuwa mengi mno, na njiani Clementi alikuwa amewatania kwamba wanahamisha ziwa.

Ulikuwa mwaka wa themanini na saba, maduka yalipoanza kupumua tena na nguo za mitumba kuuzwa bila mtu kujificha. Hamduni alikata shauri aache ufundi wa mitumbwi, awe anazunguka minadani na familia yake kila likizo ya shule: mchana wauze nguo, usiku walale kwenye tela. Mwanahalima alikubali upesi, kwa maana tangu msiba alikuwa hawezi kulitazama ziwa.

Swali likawa walale kwenye tela la namna gani. Pale mtaani Nyasho, Musoma, uani kwa fundi wa vyuma, kulikuwa na tela moja la turubai lililoachwa na wapima ardhi. Ukilikunjua mbavu zake zilifunguka huku na huku, turubai likainuka juu ya fito, na upepo ukapita kama barazani. Mwanahalima alilipenda pale pale. Mwanaupe aliingia ndani akajilaza akacheka, na ilikuwa siku nyingi hajacheka.

Hamduni alikataa. Mvua itanyesha, alisema, mto utajaa, maji yataingia. Alitaka sanduku la mbao, lenye paa na mlango, lililozibwa kila mwanya. Alilitengeneza mwenyewe kwa namna aliyoijua, yaani kama mtumbwi: mbao za mvule, pamba ikigongwa kwenye kila kiungo, na lami juu yake. Majirani walicheka wakauliza mtumbwi wenye magurudumu unakwenda kuvua samaki gani Serengeti. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na waliocheka walikuwa wamesahau nyoka mwenyewe.

Miaka miwili nyuma Hamduni alimaliza mtumbwi wa mteja, ukakaa juani pale ufukweni Mwigobero mwezi mzima ukisubiri mashine ya kuuendesha, ambayo nchi nzima haikuwa nayo. Kila fundi wa ziwani anajua kwamba mtumbwi ukikaa nchi kavu lazima unyweshwe. Umwagiwe maji asubuhi na jioni, la sivyo mbao husinyaa na viungo hufunguka. Hamduni aliunywesha wiki mbili za kwanza, kisha akaanza kuhangaikia misumari na sukari kama kila mtu, akaacha. Mtoto wake wa kwanza, Omari, aliusukuma majini na wenzake waende Murangi. Ulivuja ukazama njiani. Wenzake waliogelea. Omari ziwa halikumrudisha, na kaburi lake halipo mpaka leo.

Tangu siku ile Mwanahalima hakumwita tena mumewe Baba Omari, jina aliloitwa na mtaa mzima. Akawa anamwita Baba Mwanaupe. Naye aliitika, lakini kila mara alichelewa kidogo.

Clementi aliondoka alfajiri na chupa moja ya maji na fimbo. Aliacha panga. Mwanahalima alitandaza turubai la kufunikia mitumba kati ya gari na mti wa miiba, likawa kivuli chao. Ndani ya tela hakuingia. Jua lilipanda likakaa juu yao mpaka hewa ikaanza kutetemeka, na hapakuwa na ndege wala sauti yoyote.

Jioni, joto lilipoanza kupungua, tela likagonga.

Ko, ko, ko. Kimya. Ko, ko, ko.

"Mama, nani anagonga?" aliuliza Mwanaupe.

"Mbao zinapoa."

Ni kweli, mbao hugonga zinapopoa. Lakini Omari alijifunza kuziba mitumbwi akiwa na nyundo yake ndogo ya mti, na alikuwa akigonga mara tatu, anatulia aiangalie pamba, anagonga tena mara tatu. Mwanahalima alimtazama mumewe. Hamduni alikuwa amefumba macho, midomo inacheza. Wote wawili walisikia kitu kimoja, wala hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kukitaja.

Siku ya pili Clementi hakurudi. Mguu wa Hamduni ulivimba ukang'aa, na harufu yake ikaanza kuita nzi. Mwanahalima aligawa maji kwa kifuniko cha chupa. Alikuwa na hesabu yake kichwani: dumu moja limekwisha, la pili bado limejaa mpaka shingoni. Mchana alipolishika kumpa mtoto, lilinyanyuka kwa kidole.

Alilizunguka tela. Upande wa pili mumewe alikuwa amekaa chini, mguu mbaya ameunyoosha, kopo mkononi. Alikuwa anamwagia viungo vya mbao, taratibu, kimoja kimoja, na kiganja kinapapasa kutafuta penye mwanya. Mbao zilikuwa nyeusi kwa unyevu.

"Unafanya nini, Baba Mwanaupe?"

"Zinafunguka. Husikii? Tangu jana zinafunguka."

"Hayo ni maji ya mtoto."

"Kidogo tu," alisema Hamduni. "Zikifunguka huyu naye atazama."

"Atazama wapi? Tazama hapa tulipo."

Alitazama. Mbuga ilikwenda mpaka ikagusa mbingu. Lakini macho yake hayakuwa yanaiona, na Mwanahalima aliogopa kuliko alivyowaogopa fisi waliopita karibu usiku. Alimnyang'anya kopo. Maji yakimwagika hayazoleki, kwa hiyo hakupoteza mate kugomba. Alilichukua dumu, akalilaza chini ya kichwa chake, na kwa mara ya kwanza katika ndoa yao akamlinda mtoto dhidi ya baba yake. Moyo ulimuuma kwa hilo kuliko kiu.

Jioni ile tela liligonga kwa muda mrefu zaidi.

Asubuhi ya tatu Mwanaupe aliacha kuomba maji. Midomo yake ilikuwa imepasuka, ngozi ya mkono ukiifinya inabaki imesimama. Mwanahalima alimmiminia tone la mwisho, akasimama juu ya boneti kutazama vilima. Mbali kaskazini moshi ulikuwa unapanda, mweupe, wa majani. Wachungaji huchoma majani kila kiangazi na hakuna mtu anayegeuza shingo kwa ajili yake.

"Tukichoma majani hakuna atakayekuja," alisema. "Lakini tela lina lami, lina pamba, lina matairi. Moshi wake utakuwa mweusi. Mtu akiuona atajua ni gari."

"Hapana," alisema Hamduni.

"Baba Mwanaupe."

"Chochote kingine. Mitumba, choma. Tela hapana. Nimelifunga vizuri, hilo halivuji."

Alilisema kwa upole, na upole huo ndio uliomvunja moyo mkewe. Alikwenda kumwamsha mtoto. Chini ya turubai hapakuwa na mtu.

Walimkuta ndani ya tela. Alikuwa amejiegemeza kwenye mbao, shavu limebanwa kwenye kiungo kilichonyweshwa, na ulimi wake ulikuwa unalamba lami. Joto la mle ndani lilikuwa la tanuri. Macho yake yalikuwa wazi lakini hayakuwatambua.

"Omari anasema maji yametosha," alisema Mwanaupe. "Anasema mnipe na mimi."

Labda ilikuwa homa ya kiu tu. Mtoto alikuwa amewasikia wazazi wake wakisemeshana juu ya maji, amesikia mbao zikigonga, akaviunganisha. Hamduni hakuuliza. Alitambaa mpaka mlangoni, akamvuta binti yake kifuani, akalia bila machozi kwa sababu machozi hayakuwepo mwilini. Kisha akasema, "Nipe panga."

Walifyeka majani mahali pa kulichomea, yeye kwa magoti, mkewe kwa mikono, mpaka udongo mtupu ukaonekana pande zote. Walitoa mitumba, wakafungua chuma, wakalisukuma tela hapo, mbali na gari la Clementi, ambalo hawakuwa na haki ya kulichoma. Kila hatua ilimtoa Hamduni sauti kama ya mnyama. Mafuta ya taa ya jiko aliyamwaga mwenyewe, na kiberiti alikiwasha mwenyewe.

Lami ilishika, pamba ikafuata. Moshi ulitoka mweusi, mzito, ukanyooka juu kwa kuwa upepo ulikuwa bado haujaamka. Ndani ya moto mbao zilianza kugonga, si tatu tena, bali nyingi na kwa haraka, mpaka paa likaanguka. Kisha zikanyamaza. Hamduni alisubiri, kichwa amekiinamisha upande, kama mtu anayesikiliza mgeni akiondoka. Hazikugonga tena.

Jua lilipokuwa linakaribia utosini waliona ng'ombe, na nyuma ya ng'ombe mtu mrefu amebeba kibuyu begani. Jina lake Jilala. Nyuma yake, akiegemea fimbo, alikuja Clementi, miguu imefungwa magome.

"Nilipotea, nikaanguka kwenye mto mkavu," alisema Clementi, sauti imekauka. "Huyu ndiye aliyeniokota jana. Nilimwambia mko huku, ila huku ni wapi sikuweza kuonyesha."

"Moshi wa majani hatuangaliagi," alisema Jilala. "Huo mweusi tukauona, huyu akasema ndio wenyewe. Mnyweshe mtoto, mama. Kidogo kidogo, atatapika."

Mwanahalima alichovya ncha ya kanga kwenye maji akaiweka kinywani mwa Mwanaupe. Mtoto alinyonya. Alitapika, akanyonya tena, na polepole macho yake yakarudi, yakamtafuta mama, yakamtafuta baba. Ndipo Mwanahalima naye akanywa.

Walipanga kumlaza mtoto kwenye turubai, washike pembe nne, na Hamduni apande punda atakayeletwa. Turubai lile lilitoboka kwa miiba lakini lilibeba. Baadaye, mguu ulipopona kwa kovu na kuchechemea, ni tela la turubai walilolinunua kule Nyasho. Hamduni mwenyewe ndiye aliyezishona mbavu zake, na alikuwa akilala humo upepo unapita, hana shida.

Lakini hayo ni ya baadaye. Siku ile, mbele ya majivu, kibuyu kilimfikia Hamduni mwisho. Alikishika kwa mikono miwili. Akageuka kuelekea pale tela liliposimama, na kibuyu kikaanza kuinama chenyewe kwenda ardhini, kama mkono ulivyokuwa umezoea.

Mwanahalima alimshika kiwiko. Hakumvuta, alimshika tu mpaka kibuyu kikasimama.

"Kunywa wewe," alimwambia. "Kunywa, Baba Omari."

Safari hii hakuchelewa kuitika. Akanywa.