Kibao Kilichong'olewa kwa Kidole

Kila asubuhi kabla ya kwenda shuleni, Adongo alimwekea baba yake simu kwenye kishikizo karibu na usukani wa lori. Baba yake, Opondo, alibeba majani chai kutoka vituo vya wakulima karibu na Kiptere hadi kiwandani. Shule aliiachia darasa la nne. Kusoma kulimpa taabu, lakini ramani ya simu haikumdai cheti. Ilimwambia kwa sauti, "Baada ya mita mia mbili, pinda kushoto," naye akapinda kushoto.

"Huyu mama ana adabu," Opondo alipenda kusema. "Nikikosea njia hanitukani. Ananitafutia nyingine."

"Si mama, Baba. Ni mashine."

"Basi mashine hiyo imelelewa vizuri kuliko wakubwa wetu."

Opondo alikuwa na sababu ya kuwasema wakubwa. Miaka mitatu iliyopita, mkewe Aoko alipougua ghafla, gari la wagonjwa lilizunguka katikati ya mashamba ya chai likitafuta njia ya kwao. Hapakuwa na kibao hata kimoja kwenye njia panda. Lilipofika, Aoko alikuwa amekata roho. Siku ya mazishi wakubwa waliahidi kibao. Walikula pilau, wakapanda magari yao, na kibao hakijaonekana hadi leo. Ramani ndiyo iliyoifanya kazi yao. Barabara ile nyembamba, ambayo hakuna ofisi iliyowahi kuipa jina, sasa ilionekana kwenye simu, na mgeni kutoka Kericho aliweza kuifuata bila kumuuliza mtu.

Kwa Adongo, aliyekuwa na miaka kumi na miwili, jambo hilo lilikuwa na ubaya wake. Barabara hiyo ndiyo iliyokuwa uwanja wake na wenzake wa mchezo wa kati, ambapo aliye katikati huukwepa mpira anaorushiwa. Zamani gari lilipita mara moja kwa siku. Sasa kila dereva aliyetaka kukwepa mashimo ya barabara kubwa alielekezwa huko. Jumamosi moja pikapu iliukanyaga mpira wao wa soksi, ikaenda zake.

"Si uiambie ramani kwamba barabara imefungwa?" akasema rafiki yake Joan. "Kaka yangu aliripoti mti ulioanguka. Unabonyeza tu."

"Na wakijua?"

"Nani atajua? Kwani simu ina macho?"

Jioni hiyo Adongo alibonyeza kwenye simu ya baba yake: barabara imefungwa. Joan akabonyeza kwenye simu ya kaka yake. Siku chache baadaye, mstari mwekundu uliikata barabara yao kwenye ramani. Jumamosi iliyofuata walicheza kati mpaka wakachoka wenyewe.

Kesho yake, walipotoka kanisani, Adongo na baba yake walimkuta jirani yao Tecla, ambaye wote walimwita Mama Kipkemoi, amepiga magoti kando ya ng'ombe wake. Ng'ombe huyo alikuwa na uchungu wa kuzaa tangu alfajiri, na mguu mmoja tu wa ndama ndio uliotokeza. Adongo aliyajua maziwa ya ng'ombe huyo. Tangu mama yake afariki, Tecla aliwaletea chupa moja kila asubuhi, wala hakuwahi kuitaja.

Simu ya Tecla ililia. Alikuwa Nyagaka, daktari wa mifugo, mgeni katika sehemu hizo.

"Mama, niko njia panda," sauti ilisikika. "Ramani inasema barabara yenu imefungwa. Nitazungukia Soin."

"Soin? Hiyo ni zaidi ya saa nzima, daktari. Huyu hatangoja."

"Mara ya mwisho nilipoidharau ramani, mama, gari lilizama kwenye matope hadi madirishani. Nakuja mbio." Akakata.

Opondo alitema mate kando. "Mnaona hao watu? Pengine daraja limebebwa na mvua, wamefunga, na hakuna hata mmoja aliyekuja kutuambia. Ni wale wale waliomuua mama yako, Adongo."

Adongo alimtazama ng'ombe. Ulimi ulikuwa nje na ubavu ulikuwa ukitetemeka. Lawama ilikuwa imeshapata mwenyewe. Angenyamaza, hakuna ambaye angejua.

"Baba, barabara haijafungwa."

"Umejuaje?"

"Ni mimi niliyeifunga. Kwa simu yako. Tulitaka kucheza."

Opondo aliichukua simu ya Tecla. Kisha akampa Adongo. "Mpigie daktari. Mwambie hivyo hivyo ulivyoniambia."

Adongo alimwambia. "Ukiona kituo cha majani chai chenye paa la bluu, daktari, pinda hapo. Nitasimama barabarani na sweta ya njano."

Alikimbia bila viatu. Alipofika, gari dogo jeupe lilikuwa likigeuka kituoni. Baada ya dakika chache Nyagaka alikuwa amelala kifudifudi kwenye nyasi, mkono wake umeingia ndani hadi begani. Alitafuta mguu wa pili, akaunyosha, wakavuta wote wanne pamoja. Ndama alitoka akiwa kimya. Daktari alimsugua kwa nyasi mpaka akapiga chafya.

"Ningezungukia Soin," Nyagaka alisema akinawa, "ningewakuta mkichuna ngozi."

Tecla hakumgombeza Adongo. Alisema tu, "Huyu ndama ni wako kumkatia majani, akianza kula, mpaka aweze kwenda malishoni." Na Adongo alimkatia.

Jioni ya siku hiyo Opondo aliketi na Adongo, simu ikiwa kati yao. Adongo alibonyeza: barabara iko wazi. Joan naye alikuja na simu ya kaka yake, macho chini, akabonyeza.

"Leo niliwatukana wakubwa kwa kosa lisilo lao," Opondo alisema. "Wana makosa yao ya kutosha. Tusiwaongezee letu. Wao walikosa kuweka kibao, na mama yako akafa. Ramani ikatuwekea kibao, na wewe ukaking'oa kwa kidole kimoja."

Adongo alilia.

"Lakini ulisema ukweli kabla hujaulizwa," akaendelea. "Nimezeeka nikingoja mkubwa mmoja afanye hivyo. Wewe Joan, nasikia uliuliza kama simu ina macho. Haina. Macho yake ni sisi tunaopita njia hizi. Tukiidanganya, mtu tusiyemjua anapotea."