Kochi la Chumba cha Utulivu

Kochi lilikuwa limelowa tena. Hayakuwa maji ya kumwagika. Ulikuwa ule unyevu wa vuguvugu unaoachwa na kitu kilichokaa muda mrefu na kuondoka sasa hivi. Daktari wa watoto alinusa vidole vyake, akajuta. Vilinuka maziwa yaliyochacha na pumzi ya mtu aliyelala mdomo wazi.

"Kiyoyozi kinavuja," alisema Katibu wa hospitali alipoitwa.

"Chumba hiki hakina kiyoyozi, bwana Katibu."

"Basi kikiletwa tutakikagua."

Chumba cha Utulivu kilikuwa fahari ya Katibu. Waraka ulishuka kutoka juu ukitaka madaktari watunzwe nyoyo: wasikitike kwa kiasi, wapumzike kwa ratiba, na wawe wamechangamka kabla ya mwaka wa fedha kufungwa. Kamati ikaundwa, ikanywa chai, ikagundua kwamba hospitali haina chumba cha ziada isipokuwa kile ambamo ndugu wa wagonjwa waliitwa kuambiwa kuwa mtu wao hayupo tena. Miaka nenda miaka rudi watu walikuwa wameliangukia kochi lile lile na kulia hadi sauti zikawakauka. Sasa ndugu wakahamishiwa koridoni. Kochi, kwa kubana matumizi, likavalishwa kitambaa kipya cha manjano juu ya kile cha zamani.

Na lilifanya kazi. Daktari aliyeingia moyo umemvunjika, akijilaza kidogo tu, alitoka uso umetakata kama sahani iliyorambwa. Katibu akapeleka juu takwimu za furaha.

Aliyelipenda zaidi ni daktari wa upasuaji, ambaye wenzake walimwita Kisu. Mchana mmoja daktari wa watoto alimkuta koridoni akizungumza na mwanamke aliyefiwa na mumewe kwenye meza ya upasuaji.

"Imeshindikana, mama," Kisu alikuwa akisema, anatabasamu. "Viatu vyake vipo mapokezi. Vizuri sana, bado vipya."

Mwanamke akateleza ukutani hadi chini. Kisu akamruka, akaondoka anapiga mluzi.

"Kisu! Umelewa?"

"Nimepumzika, dada. Na wewe kapumzike, uso wako unatisha wagonjwa. Halafu yule bi mkubwa wako, nimeona vipimo. Ini limekwisha. Hamalizi wiki."

"Haya, sawa," alijibu daktari wa watoto, na hapo hapo akagundua kwamba alichokuwa akikiwaza ni chakula cha mchana.

Mama yake mzazi alikuwa amelazwa ghorofa ya juu, na kila alipotoka kumwona, yeye naye alishuka kujilaza kwenye kochi.

Alipanda ngazi. Mama alimtazama kwa macho ya njano.

"Umekuja kunipima au kuniona?"

"Vyote, mama."

"Mbona umekauka hivyo? Zamani nikiumwa jino tu, wewe ndiye uliyelia. Usiniache niende bila kuliliwa, mwanangu. Nitaona aibu."

"Nitalia, mama."

"Na ulie kwa sauti. Mashangazi zako watakuwepo, na unawajua midomo yao."

Walicheka wote wawili. Kisha akaenda msalani, akajifungia, akajaribu. Akajifinya. Akakumbuka jino la mama. Hakuna kitu, ndani yake palikuwa pasafi kama beseni lililosuguliwa.

Ndipo akashuka hadi Chumba cha Utulivu, mchana kweupe, akajilaza na kujifanya amelala. Kochi likavuta pumzi. Harufu ya maziwa ikapanda, na nyuma ya sikio lake akasikia mshono ukiachia uzi mmoja baada ya mwingine, taratibu, kama midomo iliyoganda inayofunguka, kisha kitu kipana kama kiganja, chenye ute na mikwaruzo, kimegandwa na sufi na nywele za watu wengine, kikamgusa taya na kupanda, kikiburuta mate ya vuguvugu juu ya shavu hadi kwenye jicho, kikainua ukope kwa ncha yake na kuzungusha humo ndani kama mtu anayekomba mabaki ya mchuzi sufuriani, na kibaya kuliko vyote ni kwamba alisikia raha.

"Chozi la mama bado," sauti ilimnong'oneza, nzito kwa udenda. "Linaiva. Nalisubiri."

Akatapika juu ya kitambaa cha manjano. Kochi likayanyonya yote.

Katibu alisikiliza, akabisha, akaenda kukaa mwenyewe, akarudi anajifuta shingo. "Mganga hana fungu kwenye bajeti," alinong'ona. "Tutamwandika kuwa mtaalamu wa kunguni."

Mganga alichana kochi kwa wembe. Ndani, sufi ilikuwa laini na ya kijivu kama pafu bovu, imejaa kucha, kope na kamasi, na katikati kitu chekundu kilijikunja kama konokono aliyemwagiwa chumvi. Walilisukuma lote kwenye tanuri la taka huku mganga akisoma bila kupumua. Lilipoungua lililia kwa sauti za wanawake wengi.

Kisu akaketi sakafuni, akamlilia mume wa yule mwanamke, na wengine wote, hadi jioni. Takwimu zikaporomoka.

"Huyo jini ametoka?" aliuliza Katibu.

"Kwenye kochi ametoka," alijibu mganga, akanawa mikono tena.

Mama alifariki kabla wiki haijaisha. Binti yake alisimama kando ya kitanda, amemshika mkono unaopoa, akisubiri. Mashangazi walikuwa wamepanga mstari nyuma yake. Alimwita mama kimoyomoyo, akaomba hata tone moja. Kifuani kitu kikasogea, kikubwa, kimeiva, kikapanda hadi kooni.

Shavu likalowa.

"Analia, maskini!" alisema shangazi mkubwa, akamvuta kifuani. "Lia, mwanangu. Lia, utoe."

Kisha shangazi akajitenga ghafla, akakunja pua kwa harufu ya maziwa yaliyochacha, akafuta uso wake kwa ncha ya mtandio.

Lililolowa lilikuwa shavu moja tu. Na unyevu ule haukuwa ukishuka. Ulikuwa unapanda, polepole, kutoka taya kuelekea jicho.