Saa Mbili Ipi?

Kila asubuhi Maimunah huyasalimu mayai yake kabla ya kumsalimu mumewe.

"Mimi naamka hapa kama mgeni," Swaib, mumewe, humtania. "Mayai yanaulizwa habari, mimi naulizwa sukari iko wapi."

Maimunah hucheka tu. Nyumba yao iko Kisugu, mtaa mmoja wa Kampala, na katika chumba cha nyuma kuna mashine ya kuangulia mayai. Majirani humletea mayai, yeye huwarudishia vifaranga. Binti yao Nabilah, aliyesomea kompyuta, ndiye aliyeiunganisha mashine na kompyuta ili igeuze trei ya mayai yenyewe. Saa mbili asubuhi, wakinywa chai, trei huguruma: krrr! Maimunah husema, "Alhamdulillahi, kazi inakwenda." Kisha hutoka kwenda sokoni hadi jioni.

Lakini mara hii ya kwanza bila kuyageuza kwa mkono, mambo yaliharibika. Vifaranga wengi walifia ndani, wamegandamana na ganda upande mmoja. Mtaani watu wakaanza kusema, "Mashine ya Maimunah ni kaburi." Maneno hayo yalimchoma moyo.

Hata hivyo, jirani yake Filda alikuja na kikapu.

"Mama Nabilah, hii mayai ni ya kuku ya shingo tupu. Mama yangu aliniachia kabla ya kufa. Juzi mbwa imekula kuku. Imebaki hii tu."

Maimunah alipokea kikapu kwa mikono miwili. Kuyaharibu mayai haya kungekuwa kumzika mama yake Filda mara ya pili.

"Niachie," alisema. "Lakini siyaweki ndani mpaka nijue ugonjwa wa mashine."

Jioni hiyo alimwita Jasper, jirani anayetunza hifadhidata za ofisi moja kule Nakasero. Hifadhidata ni ghala la taarifa ndani ya kompyuta. Jasper aliikagua mashine. Joto lilikuwa sawa, maji yalikuwa sawa.

"Mayai mnayageuza baada ya muda gani?" aliuliza.

"Saa mbili," Maimunah alijibu. "Yasipogeuzwa kila baada ya saa mbili, kifaranga hugandamana na ganda."

"Na mimi niliandika saa mbili, kama mama alivyosema," Nabilah alisema.

Jasper alifungua kompyuta, akasoma kilichoandikwa: 08:00.

"Mama," Nabilah alisema polepole, "nilidhani unataka saa mbili asubuhi."

"Yaa Rabi! Kwa hiyo ile krrr ya wakati wa chai..."

"Ndiyo hiyohiyo. Hairudi tena mpaka kesho yake."

Swaib alicheka mpaka akashika mbavu. Maimunah hakucheka. Aliwafikiria wale vifaranga, machozi yakamlengalenga.

"Nyabo, usijilaumu," Jasper alisema, akimwita kwa heshima ya Kiganda. "Saa mbili ni maneno yenye maana mbili. Kuna wakati, unaojibu swali la 'lini'. Kuna muda, unaojibu swali la 'kwa urefu gani'. Kompyuta haijui kukisia. Lazima tuiambie kwamba sehemu hii ni ya kutunza muda."

"Basi niandike mbili tu?" Nabilah aliuliza.

"Mbili nini? Dakika? Siku? Kuna mwandiko wa muda unaotambulika duniani kote." Akaandika: PT2H.

"Hiyo ni namba ya gari?" Swaib aliuliza.

Jasper alitabasamu. "P inasema, hapa pana muda. T inasema, kuanzia hapa ni saa, dakika na sekunde. 2H ni saa mbili."

"Hiyo T si ingeachwa tu?"

"Hapana, mzee. PT1M ni dakika moja. P1M ni mwezi mmoja."

"Ukisahau T, yai linangoja mwezi mzima!" Maimunah alisema. "Si litakuwa limeoza?" Sasa na yeye akacheka.

Programu ya hifadhidata iliyotunza maagizo ya mashine ilikuwa ya zamani. Haikuwa na mahali maalumu pa kutunza muda. Jasper alimwelekeza Nabilah kuweka toleo jipya, linaloelewa mwandiko ule. Nabilah akajaribu kuandika "saa mbili". Programu ikakataa.

"Imegoma!"

"Vizuri," Jasper alisema. "Afadhali ikatae mapema kuliko kupokea kila kitu."

Nabilah akaandika PT2H. Ikakubali.

Kesho yake Maimunah hakwenda sokoni. Aliyaweka mayai ya Filda ndani, akaketi kando ya mashine. Trei ikaguruma. Akangoja. Saa mbili baadaye, kabla ya adhuhuri, ikaguruma tena.

"Hivyohivyo, kipenzi changu," aliiambia mashine.

"Mimi sijaitwa hivyo tangu harusi," Swaib alinung'unika.

Wiki tatu zikapita. Kisa cha saa mbili kilikuwa kimeenea Kisugu nzima. Asubuhi moja, sauti ndogo zilisikika ndani ya mashine. Maimunah akampigia Filda simu.

"Wametoka! Waache wakauke kwanza. Njoo saa mbili."

"Mama Nabilah, hiyo saa mbili ni ya lini, ama ni ya muda?"

Maimunah alicheka mpaka simu ikataka kumponyoka. Kabla hajajibu, mlango uligongwa. Filda alikuwa amesimama nje, simu bado iko sikioni. Alishindwa kungoja saa mbili yoyote.

Maimunah alimwekea kifaranga mmoja kiganjani. Mwili ulikuwa bado na unyevu. Shingo haikuwa na nyoya hata moja.

"Kuku ya mama," Filda alisema, akalia huku akicheka.