Mgeni Asiyeagwa

Harufu ya udi ilianzia jikoni kwa Mwanapili, saa ya kukaanga viazi karai, na wala hakuna aliyekuwa amefukiza. Alidhani ni jirani. Pale Msambweni jirani akijifukiza udi nawe hunukia bure, hudaiwi kitu. Akageuza viazi vyake na kumwambia bintiye, Zainabu, "Hebu nichezee tena ule wimbo wangu."

Wimbo ulikuwa ndani ya tableti ya shule. Tableti hizo zililetwa shuleni watoto wasomee, na Zainabu aliruhusiwa kuja na yake nyumbani afanye kazi ya mwalimu Mramba: kurekodi muziki wa kwao. Lakini chombo kikishaingia nyumba ya muuza viazi, nacho kitatumwa kama kila mtu. Kiliwaamsha alfajiri, umeme ukikatika kikawa taa, na alasiri kikawa redio ya jikoni.

Alichorekodi mtoto ni ngoma ya pepo, siku Mzee Dzombo, mganga, alipokuwa akimpunga pepo mke wa jirani yao Boga, nyumba ya pili. Ngoma hiyo ina utaratibu wake. Makayamba hutikiswa, jini huitwa kwa wimbo wake, hupewa anachotaka, kisha huimbiwa wimbo wa kumuaga aende zake. Zainabu aliupata mwito wote, ila kabla ya kuaga tableti ilijaa na kuacha kurekodi. Hakuna aliyejali. Mwanapili, mpenda ngoma tangu usichana wake, akaufanya mwito ule kuwa wimbo wa kukaangia, kila siku, mtoto kaketi na tableti mapajani. Ulikuwa upumbavu, lakini upumbavu wa mtu aliyechoka, anayetaka kuchangamka kidogo.

Leo wimbo ulifika palipokatika, ukakatika. Kayamba halikunyamaza. Liliendelea kutikisika taratibu nyuma ya mlango, kisha ndani ya chumba, kisha karibu na mtungi wa maji.

"Zainabu, zima."

"Nimeshazima, mama."

Halafu mtoto akainua uso. "Assalamu alaykum," alisema, kwa sauti ya mwanamume mtu mzima, mpole, aliyechoka kungoja. "Kila siku mwaniita. Nikija, hata maji sipewi. Ndiyo adabu ya nyumba hii?"

Mwanapili aliangusha mwiko, akaipokonya tableti kutoka vidole vilivyokuwa baridi kama samaki wa barafu, akabonyeza hapa na pale kwa mikono ya mafuta, huku harufu ya udi ikimkaba na kayamba likichakarika masikioni, mpaka akakiona kile kidude cha kufutia alichowahi kuonyeshwa na mwanawe, akaufuta wimbo, akafuta na kila kilichoulizwa kama kweli anataka kukifuta, akiamini, kama mama yeyote angeamini, kwamba wimbo ukitoka na mgeni atatoka.

Mgeni hakutoka.

Mke wa Boga, aliyesikia kelele, alikimbia kumwita mganga, na kabla ya Magharibi Mzee Dzombo alikuwa mlangoni.

"Shikamoo, baba. Mwanangu anakwisha."

"Marahaba. Sema polepole, anasikia." Mzee alinong'ona. "Ilete hiyo tableti. Alipita kwa sauti ya mle ndani. Tutaiacha iimbe, ikifika palipokatika nitadakia mimi, nimuage, aende."

Mwanapili alimwonyesha kioo cha tableti, kitupu. "Nimeufuta."

"Wote?"

"Nilidhani ndiye ninayemfuta, baba."

Mzee alikaa kitako sakafuni. Hakumlaumu, na hilo lilimtisha Mwanapili kuliko matusi. Akaimba hata hivyo, mwito na kuaga, tangu mwanzo hadi mwisho, jasho likimtiririka. Mtoto alisikiliza, kichwa upande.

"Umeimba vizuri, fundi," sauti ilisema. "Lakini huu si ule nilioujia. Sijaagwa, siendi. Nitakaa. Ila kiti hiki ni kidogo."

Damu ilianza kumtoka Zainabu puani.

"Kiti gani, baba? Anasema nini?"

"Mwili wa mtoto ndio kiti chake. Hautamweza. Hautafika asubuhi."

Mwanapili aliogopa kufa kama mtu yeyote. Alipiga magoti. "Muulize kama mimi natosha."

"Mwanapili, akikukalia wewe sina wimbo wa kumtoa. Hata nikiondoka duniani atakuwa yumo."

"Muulize, baba, nakuomba, muulize!"

Hapakuwa na haja. Mtoto alikuwa akitabasamu. "Mpenda wimbo ni wewe," sauti ilisema, "nami sijasikia ukinikaribisha."

Mwanapili alimtazama mwanawe, ile damu iliyokuwa imeshafika kidevuni.

"Karibu," alisema.

Kayamba likanyamaza. Zainabu akakohoa, akaangaza macho kama aliyeamka usingizini. "Mama, nina kiu," alisema, kwa sauti yake mwenyewe.

Mwanapili alimletea maji, akamfuta damu, akamkumbatia hadi mtoto akalalamika. Mzee Dzombo alitazama ukuta.

"Mama, viazi vimeungua. Mbona husemi?"

Alitamani kumwita jina lake mara moja tu. Badala yake alijishindilia leso kinywani na kuiuma kwa nguvu zote, kwa sababu kooni mgeni alikuwa ameshaanza kumsalimu mtoto.